Wasomaji Wanauliza: Namba za Cessna na Mzigo Unaobebeka Kweli

Barua tulizopokea kuhusu ndege ndogo za Cessna, kampuni iliyoanzishwa na Clyde Cessna mjini Wichita, Kansas, nchini Marekani, mwaka 1927, ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano ambazo majibu yake yanawagusa pia waliouliza mengine.

Swali: Ndugu Mhariri, ninapozisoma namba za Cessna, yaani 150, 152, 170, 172, 177, 180, 182, 206, 208 na 210, najaribu kuona mpangilio wake bila mafanikio. Je, namba kubwa maana yake ni ndege kubwa zaidi?

Jibu: Kwa sehemu tu. Ni kweli kwamba 152 ina viti viwili, 172 na 182 zina viti vinne, na 206 ina viti sita; lakini 208, ambayo watu wengi huiita Caravan, huweza kupangwa viti hadi kumi na vinne, ilhali 210 inaishia sita. Namba hizi zilitolewa kadiri miradi ilivyozaliwa, wala hakuna aliyekaa akazipanga kwa ajili ya msomaji wa baadaye.

Mpangilio ulio na manufaa zaidi unapatikana kwa kuzitazama ndege hizo mbilimbili. Ndege ya 170, iliyotoka mwaka 1948, na ile ya 180, iliyotoka mwaka 1953, zote zilikuwa na gurudumu dogo mkiani. Ndege ya namna hiyo uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo ikianza kwenda upande inapokimbia ardhini, mkia hutaka kuitangulia pua, na rubani asiye mwepesi wa miguu hujikuta ameangalia alikotoka. Mwaka 1956 Cessna ilileta 172 na 182, ambazo kimsingi ni ndege zilezile zilizohamishiwa gurudumu la tatu chini ya pua. Badiliko hilo moja liliwafungulia mlango watu wengi waliokuwa wakiogopa kutua, na ndilo lililoifanya 172 kuwa ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani: zaidi ya 44,000 hadi sasa. Hata hivyo, asikariri mtu kwamba sifuri ni mkia na mbili ni pua, kwa maana 150 ilizaliwa ikiwa na gurudumu la pua.

Herufi nazo zina kazi yake. Herufi inayofuata namba huonyesha toleo, kwa hiyo 172S ni changa kuliko 172N. T iliyotangulia namba huashiria injini yenye turbo, kama T206. P210 ina kabini inayohifadhi shinikizo la hewa. RG huashiria magurudumu yanayokunjwa angani. Na F ya mbele, kama F172, hutuambia kwamba ndege iliundwa kwa leseni mjini Reims, Ufaransa.

Swali: Ninajiandaa kuanza mafunzo ya urubani. Chuo kimoja kinatumia 152, kingine 172. Ipi itanifanya rubani bora?

Jibu: Mwalimu ndiye atakayekufanya rubani bora, ndege inafuata nyuma yake. Ndege ya 152 ilichukua nafasi ya 150 mwaka 1977, ikapewa injini ya Lycoming ya nguvu ya farasi 110 iliyoyavumilia vizuri zaidi mafuta ya ndege ya wakati huo, na iliundwa hadi 1985. Ni nyepesi, hutumia mafuta kidogo, na hujibu mara moja unapoigusa usukani, jambo linalomfunza mwanafunzi kuwa na mkono mtulivu. Ubaya wake ni kwamba uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 757 tu; wewe na mwalimu wako mkiwa watu wa miili mikubwa, huenda mkalazimika kuacha sehemu ya mafuta. Ikiwa mizani inaruhusu, mimi ningeanza na 152.

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki wanne tunaofikiria kumiliki 172S kwa ubia, kwa kuwa ina viti vinne na tuko wanne. Je, kuna jambo tusilolifahamu?

Jibu: Lipo, nalo ndilo linalowashangaza wamiliki wapya kuliko jambo lingine lolote. Uzito wa juu ambao 172S inaruhusiwa kuruka nao ni takriban kilo 1,157. Ndege tupu, ikiwa na vifaa vya kisasa, huchukua karibu kilo 770, hivyo zinabaki kilo 390 hivi kwa watu, mizigo na mafuta kwa pamoja. Mkijaza matangi yote, mafuta yanayotumika ni karibu lita 200, ambazo ni takriban kilo 144. Hapo mmebakiwa na kilo 245 au 246, yaani watu wazima watatu wa wastani, bila begi hata moja la maana.

Igeuzeni hesabu. Watu wanne wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 320, na zilizosalia 70 zinatosha mafuta yasiyofika lita 100. Injini yake ya nguvu ya farasi 180 hunywa lita 35 hivi kwa saa katika mwendo wa safari, na akiba ya lazima haiguswi, hivyo safari ya watu wanne bila mizigo ni ya takriban saa mbili. Mkiongeza joto kali au uwanja ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na injini na mabawa hupungukiwa nguvu, hata hesabu hiyo haitawatosha.

Kama safari zenu nyingi ni za watu wanne na mizigo yao, mnayoitafuta ni 182. Ile ya sasa, 182T, ina injini ya farasi 230 na huruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 1,406. Nayo haibebi matangi yaliyojaa pamoja na watu wanne na mabegi yao, ila kwa nusu ya mafuta bado inawapeleka mbali. Baada ya hapo iko 206, yenye kilo 1,633 na mlango mpana wa mizigo upande wa nyuma. Wanaoijua huisifia mlango huo kabla ya kuisifia injini.

Swali: Katika matangazo ya ndege zilizotumika naona Cessna 172 za mwaka 1979 na za mwaka 1999, lakini sioni hata moja ya mwaka 1990. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu haikuundwa. Mwaka 1986 Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zote za injini moja ya pistoni. Mauzo yalikuwa yameporomoka, na kesi za madai ya fidia nchini Marekani zilimfuata mtengenezaji hata kwa ndege aliyoiuza miongo kadhaa nyuma. Mwaka 1994 ilipitishwa sheria iliyoweka ukomo wa miaka 18 kwa madai mengi ya aina hiyo, na kampuni ikatimiza ahadi yake ya kurudi: ilifungua kiwanda kipya huko Independence, Kansas, na 172R ikaanza kutoka. Kwa mnunuzi, pengo hilo ni mpaka halisi, kwani 172 nyingi za kabla yake zina kabureta, ambayo huweza kuganda barafu hewa ikiwa na unyevu, ilhali zilizofuata zinanyunyiziwa mafuta moja kwa moja kwenye injini.

Swali: Kwa nini 177 na baadhi ya 210 hazina mihimili inayoshikilia bawa kutoka chini kama nyingine?

Jibu: Wabunifu walitaka kupunguza ukinzani wa hewa na kumpa rubani upeo mpana zaidi. Ndege ya 177 ya mwaka 1968 ilikusudiwa hata kuirithi 172, lakini injini yake ya kwanza ya farasi 150 ilikuwa dhaifu, na mrithiwa akamzika mrithi: 177 iliachwa mwaka 1978. Bawa lisilo na mhimili hutegemea boriti moja inayopita juu ya kabini, na boriti hiyo ikipata kutu, ufa huweza kuanza mahali pasipoonekana kwa urahisi. Mwaka 2019 ndege ya 210 ilikatika bawa ikiwa angani nchini Australia, na mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaamuru boriti za matoleo husika ya 210 zikaguliwe. Ndege ya 177 ina boriti ya aina hiyohiyo. Anayetaka kununua mojawapo ya hizi mbili aombe kumbukumbu za ukaguzi wa boriti kabla hajauliza rangi ya viti.