Uliza Fundi: Mpini wa msasa, mpini wa mpira, na kile ambacho kiganja chako hakikwambii dukani

Mwezi huu maswali mengi yamekuja na jambo moja, ngozi ya mpini wa bastola, yaani vile vipele na mistari unayoisikia kiganjani ukiishika. Wengi mlioandika mko Marekani, mmoja yuko Mombasa na leseni yake. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la bunduki hapa Houston mwaka wa kumi na moja sasa na hili swali nalipenda sana manake watu wanaliona dogo, alafu ndo hilohilo linafanya mtu anunue kitu cha mamia ya dola kisha asitake hata kukigusa.

SWALI: Fundi shikamoo. Nilinunua bastola mwezi wa tatu, muuzaji akanambia hii ukiishika haitoki mkononi na kweli haitoki. Shida yangu naivaa ndani ya suruali upande wa kulia, nasambaza mizigo hapahapa mjini toka asubuhi mpaka saa moja usiku, napanda nashuka kwenye gari siku nzima, ubavuni pamechubuka pamekuwa pekundu na wife anasema niirudishe. Niipige msasa ilainike? Baba Neema, Dallas.

JIBU: Marahaba Baba Neema na pole sana, hayo maumivu nayajua. Mimi ya kwangu ilinilia fulana tatu kabla sijaelewa, zilitoboka palepale juu ya mkanda wa suruali, na ngozi chini yake ilikuwa inawasha nikioga maji ya moto mpaka nafumba macho.

Sikiliza kwanza kwanini iko hivyo. Bastola ikipiga, inarudi nyuma na mdomo unainuka juu, na kiganja chako kina jasho, kwaiyo mpini laini unateleza kidogo kila risasi na kila mara inabidi uupange upya mkononi. Viwanda vikasema basi tuweke meno. Glock, kiwanda cha Austria, mwaka 2009 walitoa mpini wenye vichembe vidogo vidogo vilivyosimama kama miiba, maelfu yake, waliita RTF2, askari wenye glavu na mikono yenye matope wakaupenda, waliokuwa wanaibeba chini ya shati wakalalamika kwamba unakula nguo, na Gen4, yaani kizazi cha nne cha Glock, iliyokuja 2010 ikawa na vipele vipana vilivyopoa kiasi. Smith & Wesson, kiwanda cha hapa Marekani, nao 2017 wakaleta bastola ya M&P ya M2.0 yenye mpini ambao ukiugusa unasema huu ni msasa kabisa, na mjadala ukawa uleule, wanaopiga renji, yaani kwenye uwanja wa shabaha, wanasifu, wanaovaa siku nzima wanapaka dawa ubavuni.

Sasa kabla hujachukua msasa wa dukani angalia kitu kimoja. Hakikisha bastola haina kitu, magazini nje, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, umeiona kwa macho, alafu ishike kwa mikono miwili kama unataka kulenga. Kiganja chako cha kushoto kimekaa wapi? Kimekaa upande wa kushoto wa mpini. Na ukiivaa kiunoni kulia, upande gani unagusa mwili? Huohuo wa kushoto. Yaani pale panapokuchubua ndo palepale panapokusaidia, ukipalainisha umepoteza kile ulichokilipia, na plastiki ukishaiondoa hairudi. Mi nakushauri usiguse mpini, badilisha kinachokaa kati. Vaa singlendi nzito ya pamba ndefu uichomekee, na tafuta holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola, ambayo upande wa mwilini ukuta wake umepanda juu, watu wa hapa wanaita ngao ya jasho, unakinga ngozi na vyuma na sehemu ya juu ya mpini. Mkanda nao uwe mgumu, manake mkanda laini unaiacha bastola icheze kila ukikanyaga pedeli, na ule mchezo ndo unaosugua. Ukifanya hayo wiki tatu na bado unaumia, basi iuze ikiwa bado nzima, usione aibu.

SWALI: Kaka habari, mi nimeanza kazi duka la silaha San Antonio, miezi miwili tu. Naona mteja anashika moja anaiweka chini sekunde tano, anashika nyingine macho yanang'aa, na bei ni ileile na ndani ni karibu kitu kilekile. Wanachagua kwa nini? Na mi nifanyeje nisiwauzie vibaya? J.M.

JIBU: J.M. hili swali limenifurahisha kweli, hasa hapo mwisho.

Wanachagua kwa kiganja. Anaweza kuja amesoma kila kitu, uzito, urefu wa mtutu, idadi ya risasi, alafu ukimpa mkononi vyote vinafutika. Mwangalie vizuri, atabana mara mbili, ataizungusha kidogo, na mwisho kabisa atapitisha dole gumba juu ya mpini taratibu kama mtu anayepima kitenge sokoni. Hapo ndo biashara inapofanyika. Ukiwa mpira, kama ile mipini ya Hogue au Pachmayr kwenye rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, utasikia pumzi inatoka, mpira unapokea mkono. Ikiwa 1911, ile bastola ya chuma ya zamani, yenye mbao za walnut zilizochongwa mistari ya kukatana na ile almasi kuzunguka skrubu, wazee wanaishika kama wanasalimiana na mtu wa zamani. Ukiwa msasa mkali, vijana wanaopiga kila wikendi wanatabasamu, wengine wote wanarudisha kaunta na kujifuta mkono kwenye suruali.

Tatizo ni kwamba kile kiganja kinadanganywa na duka. Dukani kuna eisi, mkono mkavu, bastola haina risasi haipigi teke, na anaishika nusu dakika. Kwa hali hiyo kitu laini kitashinda kila siku. Mpeleke huyohuyo renji mwezi wa nane na joto la Texas, baada ya risasi kama thelathini mkono umelowa, ule ulaini aliousifu unaanza kumkimbia, na ule msasa alioukataa anautamani. Na kinyume chake pia kipo, kijana anayependa ukali kwasababu unaonekana wa kazi, alafu atakaa nayo kiunoni masaa kumi na mbili kama Baba Neema hapo juu. Kwaiyo swali la kwanza kabla hujafungua kabati ni hili: itakaa wapi zaidi, mkononi au mwilini? Mi nimeona swali hilo peke yake linapunguza bastola za kurudishwa kuliko maelezo yangu yote.

Lingine, weka bakuli dogo la maji na taulo karibu. Umeshamwonyesha chemba tupu, ameishika mkavu, sasa mwambie alowanishe vidole kidogo aishike tena. Watu wanashangaa! Ile iliyokuwa tamu inakuwa sabuni. Na kama duka lenu lina renji basi mkodishie apige boksi moja la risasi 50 kabla hajalipa, gharama yake ni ndogo.

Usichanganye pia ngozi ya mpini na umbo lake. Glock kwa miaka mingi walikuwa na yale mabonde ya vidole mbele ya mpini, mwenye vidole vilivyolingana anasema imetengenezwa kwa ajili yake, mwenye vidole vyembamba au vinene vinamkalia juu ya matuta na anadhani ni ukwaruzo ndo unamuumiza. Gen5 ya 2017 wakayaondoa, mimi nilifurahi. HK, kiwanda cha Ujerumani, wao kwenye bastola yao ya VP9 wanakupa vipande vya kubadilisha nyuma na pembeni, mpangilio unafika 27, na mteja mwenye mkono mdogo ukimbadilishia palepale mbele yake unaona mabega yanashuka. Mara nyingi mtu anaposema mpini mkali, ukweli ni mnene, anaubana kwa nguvu kupita kiasi ili asiupoteze na ndo maana vipele vinamchoma.

Na kingine cha kujua, tangu Septemba 2021 Texas mtu mzima asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila leseni, kwaiyo utakutana na wengi ambao hawajawahi kukaa darasani hata siku moja. Huyo ukimuuzia kwa utamu wa kiganja tu umemwonea. Mwambie ukweli hata kama siku hiyo anaondoka mikono mitupu.

SWALI: Hujambo fundi, mimi ni nesi Minneapolis, kibali cha kubeba ninacho na darasa nilipita. Bastola yangu mpini wake ni wa wastani, sio laini sio mkali, lakini inaniteleza, hasa wakati wa baridi. Mwalimu renji ananiambia nibane zaidi, nikibana mkono unatetemeka. Mama Zawadi.

JIBU: Sijambo Mama Zawadi. Naomba nikuulize, unapaka nini mikononi? Nauliza manake nesi ananawa mikono mara hamsini kwa zamu, ngozi inakauka, alafu baridi ya Minnesota inamalizia, kwaiyo lazima upake losheni au glisirini au mafuta ya nazi, na ukifika renji mkono una tabaka la mafuta juu na ukavu chini. Vyote viwili vinateleza. Wengi wanadhani mkono mkavu ndo unashika vizuri, hapana, ngozi iliyokauka sana inateleza kama karatasi, inayoshika ni ile yenye unyevu kidogo tu, ikizidi jasho inateleza tena.

Dada mmoja alikuja kwetu na shida hiyohiyo, nikamwomba aweke kiganja kwenye kioo cha kaunta. Alama ya mafuta ilibaki pale, vidole vyote vitano, mpaka mistari inasomeka. Nikampa sabuni ya vyombo akanawa, akaishika tena bastola yake, akanitazama tu hakusema kitu.

Kwaiyo siku ya renji losheni paka usiku uliopita, asubuhi acha viganja bila kitu, na nawa kwa sabuni kabla ya kuanza. Kama bado inateleza usinunue bastola nyingine, nunua karatasi za kubandika zilizokatwa kwa kipimo cha modeli yako, kiwanda cha Talon wanatengeneza ya mpira na ya chembechembe, ile kama msasa. Wewe chukua ya mpira, ile ya chembechembe kwenye ngozi yenye nyufa za baridi itakutoa damu. Safisha mpini kwa spiriti, bandika, pitisha draya ya nywele gundi ishike, na usipoipenda unaibandua unabaki na mpini wako. Kuhusu mwalimu, kubana sawa, ila nguvu zaidi iweke mkono wa kushoto, wa kulia uache uwe huru kuvuta triga bila kutetemeka.

SWALI: Fundi mi niko Mombasa, ninayo Ceska kihalali kabisa, ile CZ 75, mipini ya plastiki imelainika kwa miaka. Huku jasho ni mwaka mzima. Niweke mbao au mpira?

JIBU: Ndugu wa Mombasa, mimi mtoto wa Tanga, huo unyevu naujua. Mbao zinapendeza, lakini mbao isipozibwa vizuri mafuta na chumvi ya jasho vinaingia na inaanza kubadilika. Mpira unashika sana ukiwa mpya, ila mafuta ya kusafishia silaha yakiugusa mara kwa mara unavimba na kunata, na ukinata unashika shati, ukiinama shati linabaki limepanda juu na kila mtu kwenye feri ya Likoni anajua umebeba nini. Kwa pwani mi ningeenda na G10, ni nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi ngumu, hainywi maji, haijali jasho, na unachagua mchongo wake. Chagua wa wastani, sio ule mkali kabisa. CZ 75 kila upande una skrubu moja tu kwaiyo kazi ni ya dakika kumi, lakini iache ifanywe na fundi mwenye idhini, na kabla ya kubadilisha chochote uliza kwa waliokupa leseni, usifanye nyumbani kimyakimya.

SWALI: Nimeona watu wanachoma mpini wa plastiki kwa kile kichuma cha moto cha mafundi redio mpaka unatoka vitobo vitobo, unashika balaa. Nijaribu? Omari, Columbus.

JIBU: Omari, kwenye bastola yako ya pekee usijaribu. Aliyezoea anatoa kazi nzuri sana, vitobo vimelingana kama kofia ya vito, na watu wanamlipa vizuri kwa hilo. Anayejaribu mara ya kwanza anachoma kwa kina tofauti, plastiki inayeyuka inatengeneza ncha kali pembeni ya kila tobo, na garantii ya kiwanda inaweza kuwa imeondoka hapohapo. Ukija kuiuza tena mnunuzi atapitisha lile dole gumba nililomwambia J.M., na utaona bei inavyoshuka ukiwa umesimama. Kama mkono unawasha kufanya kitu, kuna modeli ambazo kipande cha nyuma cha mpini kinatoka na cha akiba unanunua peke yake, fanyia mazoezi hapo, dirisha likiwa wazi manake moshi wake ni mbaya.