Nataka Kuwasimamia Wanamichezo Darasani

SWALI: Shikamoo dada. Nilifundisha sekondari Arusha miaka sita, sasa nasoma uzamili wa ushauri nasaha hapa Texas. Nasikia vyuo vya Marekani huajiri watu wa kuwasaidia wanamichezo katika masomo. Sijawahi kukimbia hata mbio za shule. Naweza kuipata kazi hiyo?
— Mwalimu, Texas

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Unaweza. Ofisini kwetu tunaofanya kazi hiyo tuko saba, na waliowahi kuchezea chuo ni wawili tu. Ualimu wako ni mtaji, na Kiswahili pia. Wanariadha wa kwetu wanapita vyuo hivi tangu enzi za Suleiman Nyambui, aliyekuwa akisoma El Paso, hapo hapo Texas, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kijana aliyechoka saa tatu usiku hufunguka haraka akisikia lugha ya nyumbani.

Kazi yenyewe ni ratiba. Mazoezi alfajiri, darasa, Alhamisi safari ya mashindano, na mtihani uko Ijumaa. Wewe ndiye wa kuzungumza na profesa mapema, kumtafutia mtu wa kumfundisha takwimu, kukaa naye mpaka insha ikamilike. Kalamu usiishike. Ukimwandikia hata aya moja, umehatarisha nafasi yake ya kucheza na kazi yako.

Kinachoumiza ni hesabu. Katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, anayeingia mwaka wa tatu lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada aliyoichagua. Wa nne 60, wa tano 80. Akibadilisha fani, krediti, yaani alama za masomo aliyokwisha kuyakamilisha, huenda zisihesabike, akakosa msimu. Nilipoanza kazi nilikuwa na binti wa mita 800 kutoka Nandi, Kenya, anataka uuguzi. Mafunzo ya hospitalini yaligongana na mazoezi. Nikamhamishia fani iliyoendana na ratiba, asilimia zikatimia, kocha akanishukuru. Siku ya mahafali alinionyesha daftari lake la mwaka wa kwanza, mifupa ya mguu ameichora yote kwa penseli, akauliza kama sasa anaweza kuingia uuguzi. Ilibidi aanze karibu upya, kwa karo ya mfukoni mwake. Nililia ndani ya gari.

Tangu hapo, kila anayefika mwaka wa kwanza nampangia ramani ya shahada anayoitaka yeye, pamoja na masomo ya likizo ya kiangazi, kabla kocha hajaleta ya kwake. Wapo wanaoamua kuacha msimu mmoja. Ni haki yao.

Jioni na wikiendi zitakwenda na kazi, na mshahara wa kuanzia ni mdogo. Anza kwa kufundisha mmoja mmoja katika ofisi ya wanamichezo ya chuo chako. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nenda kabla muhula haujafunguliwa, na uwaambie kwanza kwamba wewe ni mwalimu.