Marangu siku 5? Usilipe hiyo hela kwanza

Hapana mkuu, usilipe. Umeuliza vitu vinne, mwezi gani mzuri, vifaa mkodi au mnunue, buti mpya au za zamani, na bakshishi ya wapagazi, halafu katikati hapo ukachomeka kwamba mnapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku 5 kwa sababu ofisi inayowapeleka imewaambia nyie ni vijana wa mazoezi, siku ya 6 ni kuchoma hela bure. Hayo mengine weka pembeni. Hilo la siku 5 ndilo lililonishusha mimi mlimani nikiwa nimefungwa mikanda kwenye machela ya gurudumu moja, siwezi kukuona unaenda palepale nikanyamaza.

Ratiba yenu itakuwa hivi, naijua kama jina langu. Getini Marangu mko chini kidogo ya mita 1,900. Siku ya kwanza mnalala kambi ya Mandara, karibu mita 2,700. Ya pili kambi ya Horombo, 3,720. Ya tatu kambi ya Kibo, 4,700 na ushee. Usiku huohuo kwenye saa sita mnatoka kwenda Uhuru, kileleni kabisa, 5,895, mkirudi hakuna kukaa, mnateremka moja kwa moja mpaka Horombo, kesho yake getini. Piga hesabu sasa. Kila mnapolala ni kama mita 1,000 juu ya mlipolala jana. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kutoka ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 mwili upumzike. Hata ratiba ya siku 6 haiifikii hiyo kanuni vizuri, maana Horombo kwenda Kibo ni rukio lilelile, ila angalau inakupa kupumzika mara moja. Ya siku 5 haikupi kitu.

Na msije mkaniambia sikufanya mazoezi. Nilikimbia miezi minne, kilomita 10 nilikuwa naziona kama kwenda dukani. Tatizo natokea Dar, mtu wa usawa wa bahari, na kule kileleni kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Mapafu ya mkimbiaji hayabadilishi hilo. Kinachosaidia ni muda, mwili uzoee kidogokidogo, na muda ndio yule jamaa wa ofisi iliyonipeleka mimi aliuondoa kwenye ratiba yangu. Tena alivyouondoa! Akaniambia siku 6 ni za Wazungu wazee, sisi Wabongo wakakamavu, mlima ni wetu. Nikiumwa kichwa nimeze dawa ya maumivu nisonge. Yeye anauza safari kila wiki, anajua fika nini kinawapata watu pale Kibo, lakini bei ya siku 5 inamvuta mteja haraka kwa sababu ada za hifadhi unalipia kila siku na kitanda kila usiku. Mimi nikaona nimeokoa hela ya jaketi. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Horombo ndipo nilipoanza kuelewa. Niliamka na kichwa kinagonga nyuma ya macho, chai haipandi. Kwenye ukumbi wa chakula meza ya jirani kulikuwa na kundi la siku 6, wamevaa ndala na soksi, hawana haraka, wanasubiri jua litoke vizuri waende kutembea mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi myeusi na myeupe, wapande mpaka mita 4,000 hivi halafu warudi kulala palepale Horombo. Siku yao nzima ndiyo hiyo. Sisi tunafunga mabegi. Nikamuuliza muongozaji kama tunaweza kubaki na sisi, akaniambia vitanda ni kwa mujibu wa kibali, na Horombo inajaa kuliko kambi zote kwa sababu wanalala wanaopanda, wanaopumzika na wanaoshuka, wote hapohapo. Ndiyo maana nakwambia hii kitu inaamuliwa kabla hujalipa, ukishafika juu umechelewa.

Kutoka Horombo kwenda Kibo ni kama kilomita 10, mnapita kituo cha mwisho cha maji, baada ya hapo ni jangwa la mawe kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo tu. Kibo kwenyewe hakuna maji, kila tone mnalokunywa limebebwa na wapagazi. Nilifika saa tisa alasiri, nikawekewa supu mbele yangu nikawa naiangalia inaganda mafuta juu. Usingizi hakuna. Saa tano usiku tukaamshwa, biskuti, chai, tochi za kichwani, tukaanza ile changarawe inayokurudisha nyuma.

Tulikuwa hatujafika pango la Hans Meyer, lililo njiani juu ya kambi ya Kibo, muongozaji akawa ananimulika usoni kila baada ya dakika chache. Mimi najiona nipo sawa kabisa! Akasimama, akachora mstari kwenye kokoto kwa ncha ya fimbo, akaniambia tembea juu ya mstari, kisigino kiguse dole. Hatua ya kwanza nikaenda kulia. Ya pili nikakaa chini. Akaniuliza jina la mwanangu, nikalitafuta kichwani kama funguo zilizopotea. Hakubishana na mimi, alinishika kwapani tukageuka. Mkuu, ule ni ubongo umeanza kuvimba. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, au anachanganya maneno, au anahema kwa shida hata akiwa amekaa na kukohoa povu, dawa ni kushuka saa hiyohiyo, usiku huohuo, msisubiri kukuche. Kutoka Kibo walinishusha na ile machela, wagumu wanne, wapagazi, wanakimbia nayo kwenye mawe, Mungu awabariki. Tulipofika Horombo kichwa kikaanza kuachia, baadaye nikaomba chakula mwenyewe. Yaani mita 1,000 za kushuka zilifanya kilichovishinda vidonge vyote vya yule jamaa.

Hela yote ikawa imekwenda, na siku ambayo sikuitumia sikurudishiwa hata shilingi. Miaka miwili baadaye nilirudi na siku 6. Mapafu yaleyale, buti zilezile, hata mazoezi safari hii nilifanya machache. Nililala Horombo mara mbili, katikati nikaenda Zebra Rocks taratibu nikarudi. Nikafika Gilman's Point, pale unapotokea kwenye ukingo wa kreta, mita 5,600 na kitu, jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, kichwa kinauma kidogo tu, nikazunguka ukingo wa kreta mpaka Uhuru. Nililia pale kwenye kibao, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo leo piga simu hapo ofisini kwenu uliza swali moja tu: wakati wa kupanda tunalala Horombo mara ngapi? Akisema mara moja, mwambie mara mbili au mnatafuta wengine. Akianza habari za Wabongo wakakamavu, kata simu. Kama hela haitoshi ahirisheni mpaka itoshe, mlima hauhami. Kuna vidonge vya acetazolamide, vya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, watu wanavitumia, ila hivyo unakwenda kumuona daktari kabla ya safari, na havichukui nafasi ya hiyo siku. Na ukiwa juu usimfiche muongozaji kitu. Mimi nilimficha kichwa siku nzima nikiogopa atanirudisha, na yeye ndiye angeniokoa mapema.

Vifaa kodini Moshi, hamna haja ya kununua. Begi la kulalia usilipokee likiwa limekunjwa, likunjue palepale dukani, vuta zipu mpaka mwisho mara mbili, la kwangu la kwanza zipu ilikwama magotini na Kibo usiku maji ya chupa yanaganda. Buti ziwe ulizokwisha kuzitembelea miezi kadhaa. Na glavu chukua jozi mbili, nyembamba ndani nene juu.