Andalio refu, kengele imelia, watoto hawajashika

SWALI: Asalam aleikum maalim. Mie nasomesha sayansi darasa la sita huku Wete, watoto 70 na kitu, dawati moja wamebanana wanne. Juzi tumepewa semina ya usanifu wa mafunzo, yaani namna ya kupanga somo, tukaoneshwa hatua tisa za somo, nikarudi nikaandika andalio la somo kurasa mbili, la uvukizaji, yaani maji kugeuka mvuke, kila hatua imo, wallahi kengele ikalia niko hatua ya nne! Kesho yake nauliza maji ya nguo iloanikwa yanakwenda wapi, kimya, mmoja tu kanambia "yanakwisha". Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salam mwanangu, pole, ila huyo wa "yanakwisha" mie ningempa soda maana kakuonesha pa kuanzia. Hatua tisa ni za Robert Gagné, mwanasaikolojia wa Kimarekani, alizieleza kwenye kitabu chake cha 1965, na si lazima zote ziishe ndani ya dakika 40, zitandaze wiki nzima.

Tatizo nahisi liko kwenye lengo. Wengi wetu tunaandika "mwanafunzi aelewe uvukizaji", sasa kuelewa utakuona kwa jicho gani? Andika "aeleze kwa nini karafuu kavu ni nyepesi kuliko mbichi", hapo una kitu cha kusikiliza, halafu ndo urudi nyuma upange kazi ya kuwafikisha.

Azima mizani dukani, pima kilo moja ya karafuu mbichi zilochambuliwa, kila kundi libashiri zikikauka zitakuwa na uzito gani na ubashiri wake ukae ubaoni, usifutwe. Anikeni jamvini uani, mpime kila asubuhi. Jua likiwa zuri siku nne tano hivi zinavunjika kwa vidole, na mizani inasoma kama thuluthi ya kilo. Uliza: uzito ulopungua kaiba nani? Kisha nyamaza. Hapa ndo walimu tunaharibu, tunajibu wenyewe kabla watoto hawajabishana.

Mvua ikinyesha usikasirike, pima vilevile, uzito ukipanda nalo ni somo. Siku ya mwisho waulize kwa nini kanga ilokunjwa inachelewa kukauka kuliko ilotandazwa, asojibu hilo bado hajashika. Si msimu? Tumia dagaa.

Ila weka mlinzi jamvini, kuna watakaojifanya jino linauma wazitafune, hesabu yako yote ikaharibika.