Kabla hujaanza kuzunguka ofisini, linganisha majina yako

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Kutoa kopi ninatoa, lakini wateja wengi wananifuata niwajazie maombi ya serikali mtandaoni.

Mama mmoja wa Kibirizi, muuza dagaa, alikuja na bahasha ya kaki iliyolowa pembeni. Shida yake leseni ya biashara tu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hatija, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Khadija, mkataba wa pango wa kibanda kaandikwa Hadija. Ofisi ya kwanza ilimwambia akarekebishe jina. Ya pili ikataka barua ya mtendaji wa mtaa. Ya tatu ikasema barua haitoshi, alete kiapo cha wakili. Wiki mbili hizo dagaa wake waliuzwa na wifi yake.

Jamani, anzeni na NIDA. Ile namba ya tarakimu 20 ndiyo inayotumika kwa watu wa kodi, TRA, ukiomba namba ya mlipakodi (TIN), BRELA ukisajili jina la biashara, hata laini ya simu. Jina lililoko NIDA likiwa na kosa, rekebisha huko kwanza, hata kama utachelewa. Likiwa sahihi, fanya karatasi nyingine zote zilifuate, herufi kwa herufi. Mkataba wa pango ndio mwepesi kuliko zote: unakaa na mwenye nyumba jioni moja, mnaandika upya.

Halafu simu. Usifungue akaunti ya maombi ya serikali mtandaoni kwa laini ya mpwa wako. Nimeona mtu kakaa hapa kwenye benchi tangu asubuhi akisubiri namba ya siri iliyotumwa kwa kijana aliyeko Kasulu, na kijana hapatikani. Wengine wananiomba nitumie barua pepe yangu. Nakataa. Nikifunga duka kesho, akaunti yako utaifungua na nani?

Pesa lipa kwa kontroo namba peke yake, ile namba ya malipo unayopewa na serikali. Zamani kila ofisi ilikuwa na kitabu chake cha risiti. Tangu mfumo wa malipo ya serikali, GePG, uanze mwaka 2017, unalipia kwa simu, benki au kwa wakala, na malipo yanaonekana serikalini. Hapo serikali ilituunganishia kweli, na nashukuru.

Ndiyo maana nasema kwa wanaopanga haya mambo: Wakenya walianza Huduma Centre mwaka 2013, na kuweka madirisha yote chini ya paa moja ni jambo jema. Lakini mwananchi akiendelea kubeba kopi zilezile kutoka dirisha moja hadi la pili, tumempunguzia nauli tu. Taarifa akishazitoa mara moja, ofisi zipeane zenyewe.

Yule mama tuliandika upya mkataba ufuate NIDA, akala kiapo kwamba Hatija wa kwenye cheti ndiye yeye Khadija, tukaomba leseni kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kwa simu yake mwenyewe. Ilipotoka nilimchapia nakala mbili, moja akaomba niipige laminesheni kwa sababu kibandani kuna maji.