Aliambiwa asijibu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini visa vya wanawake waliofanya uhalifu mkubwa vinatunasa kuliko vya wanaume. Ni kweli vinatunasa. Mwaka 2019 Yang Fenglan, yule Mchina aliyeitwa "malkia wa pembe za ndovu" kwa kuzifanyia magendo, alihukumiwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, miaka 15 jela. Watanzania wawili, wanaume, walifungwa miaka hiyohiyo kwenye kesi hiyohiyo. Nani anawataja?

Lakini kinachonikera mimi ni kingine: tunavyosimulia.

Nilikuwa darasa la sita, tunakaa Igogo, Mwanza. Mpangaji wa chumba cha uani, dada aliyekuwa akianika dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, alijifungua usiku peke yake. Asubuhi mtoto akakutwa amekufa, naye akakamatwa. Siku ya kupandishwa kizimbani mtaa mzima ulihamia mahakamani, mama akinikokota mkono. Dada alivaa kitenge chake cha kazini, magamba ya dagaa bado yameganda kwenye pindo. Blauzi ilikuwa imelowa maziwa kifuani, akawa anajifunika kwa kiwiko. Akasomewa shtaka la mauaji. Hakimu akamwambia asijibu lolote, maana mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Akainamisha kichwa. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Ona, hata hasemi! Huyo si mtu." Tulipofika Igogo habari ilikuwa kwamba amegoma kujibu. Kesho yake ikawa aliwahi kuua na mwingine.

Ukubwani ndipo nikasoma Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199: mama akimuua mwanawe asiyefikisha miezi 12, akili yake ikiwa bado haijatulia kwa sababu ya uzazi, adhabu yake ni kama ya aliyeua bila kukusudia. Mauaji ya kukusudia ni kunyongwa. Pale mtaani nani alilijua hilo? Na siku ya hukumu hakwenda mtu, hata mama yangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka niwaombe mwache kabisa visa hivi. Sasa nasita. Kama visingeandikwa popote, hata hicho kifungu nisingekitafuta. Basi andikeni, ila mwandishi arudi hadi hukumu, na akisema mshtakiwa alinyamaza, aseme pia nani alimwambia asijibu. Simtetei kila aliyeua. Yule mtoto naye alikuwa wa kwetu, na katika maneno yote yale sikumbuki mtu aliyeuliza alizikwa wapi.