Nimetiwa gesi kwenye jicho, nitasujudu vipi?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Mimi hupakia mizigo hapa Kibuye, Kisumu. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilibanduka nikafanyiwa oparesheni, jicho likatiwa gesi, nimeambiwa nilalie ubavu wa kushoto na maji yasiguse jicho. Siku nne sijaswali juu siwezi kutawadha wala kusujudu. Na Jumamosi kuna hitma ya mjomba Eldoret, niende?

JIBU: Waalaikumu salaam ndugu yangu, shifaa inshallah. Hizo siku nne utazilipa, swala haiachwi akili ikiwa timamu. Swahaba Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, Mtume (s.a.w.) akamwambia swali wima, ukishindwa kaa, ukishindwa basi kwa ubavu. Ubavu, si ndio huo daktari amekupa?

Ile gesi ni kama tone la hewa kwenye pima maji ya fundi, ukiinamisha linakimbia, na kazi yake ni kukandamiza pale palipozibwa mpaka pashike. Kwa hivyo usilazimishe paji la uso liguse mkeka ati ndio uchamungu, swali kwa ishara, ya sujudu iwe chini kidogo kuliko ya rukuu kama daktari ameruhusu kichwa kisogee, kama hajaruhusu basi kwa kope na moyo, na hizo hulipi. Ukirudi kliniki muonyeshe sujudu yenyewe, kwa vitendo kabisa, maana wengine wakisikia "kuswali" wanadhani ni kufumba macho tu ukiwa umekaa.

Udhu, osha viungo vyote vizima, uso fika pale maji hayatatiririka kwa jicho, palipobaki tayamamu, lakini vumbi lisikaribie jicho. Na nikuongezee hujauliza, dawa ya matone haifunguzi saumu kwa madhehebu yetu ya Shafi hata ukisikia uchungu wake kooni.

Eldoret hapana! Kisumu tuko kama mita 1,130, Eldoret ni kama 2,100, na gesi ukipanda juu inatanuka, presha ya jicho inapanda na unaweza kupofuka ukiwa ndani ya matatu hujafika hata Kapsabet. Ndege ndio kabisa. Kuna gesi inayokaa jichoni wiki mbili tatu na kuna ya hadi miezi miwili, uliza yako ni ipi. Msomee mjomba Yasini hapo hapo kitandani, thawabu itamfika inshallah. Magunia nayo wachia wenzako mpaka daktari mwenyewe aseme sawa, na Ijumaa ukishindwa kutoka swali adhuhuri nyumbani, una udhuru.

Wallahu aalam.